UZI: Musi, mnyama wa theluji ambaye jina lake limevaliwa na pofu wetu

Mpiga Darubini (mleta mada)

Wakuu salaam. Kazi yangu ni kupeleka wageni mbugani, na kila tukimfikia pofu (wengine mnamwita mbunju) nasikia kelele ileile: "Eland! Eland!" Hata sisi waongoza watalii tunalitumia jina hilo kutwa. Ukimuuliza kijana wa kazini limetoka wapi, atakwambia labda Kizulu. Si Kizulu. Ni jina la Kiholanzi la mnyama mwingine kabisa, anayeishi kwenye theluji na ambaye hajawahi kukanyaga Afrika.

Waholanzi walifungua kituo chao Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652. Wakakuta wanyama ambao lugha yao haikuwa na majina yao, na badala ya kuwauliza wenyeji kila mara, wakachukua majina ya kwao wakayabandika. Kongoni wakamwona kama ayala ("deer" kwa Kiingereza), kwao "hert", wakamwita hartebeest. Pofu ndiye aliyewazidi wenzake wote kwa ukubwa, basi wakampa jina la ayala mkubwa kuliko wote wa Ulaya: eland. Uholanzi kwenyewe mnyama huyo alikuwa ameshatoweka karne nyingi nyuma, kwa hiyo sidhani kama wengi wao waliwahi kumwona akiwa hai. Walikuja na jina, mnyama wakamkuta huku.

Na jina lenyewe hata kwa Waholanzi lilikuwa la kuazima. Lilipitia kwa Wajerumani, na wataalamu wa historia ya maneno wanalifuata mpaka Kilithuania, "elnis", ayala.

Huyo eland wa asili ndiye Wamarekani na Wakanada wanamwita "moose". Humu nitamwandika musi ili tusitafunane ulimi.

Sasa mnyama mwenyewe. Ni jamii ya ayala na ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii hiyo. Dume la Alaska hupita mita 2 begani, na majitu yake hufika kilo 600 hadi 700. Miguu mirefu myembamba, nundu begani, mkia kama haupo, pua ndefu iliyoinama, na mdomo wa juu unaoufunika wa chini. Kooni ana kipande cha ngozi chenye manyoya kinachoning'inia. Ukimlinganisha hapo na pofu, lile lishingo lake lenye ngozi iliyolegea, unaanza kuwaelewa Waholanzi. Anaishi Norway, Sweden, Finland, nchi za Baltiki, Urusi yote ya misitu mpaka Siberia. Upande wa pili Kanada, Alaska na majimbo ya kaskazini mwa Marekani.

Kilichonishangaza zaidi ni pembe. Pofu, nyati, swala, hawa wetu wote wana pembe za kudumu: mfupa ndani, ala ngumu juu yake, na zikivunjika ndiyo basi. Musi ni habari nyingine. Dume peke yake ndiye mwenye pembe, ni mfupa mtupu, na kila mwaka zinadondoka baada ya msimu wa kupandana. Kipindi kirefu cha baridi anatembea kichwa kitupu. Majira ya kuchipua zinaanza upya, zimevikwa ngozi laini iliyojaa mishipa ya damu, zinakua mbio kupita karibu kila kiungo kingine kinachojulikana kwa mamalia. Kufika Agosti zimetanuka kama viganja viwili vya mkono vilivyofunguliwa, ngozi inakauka, anajisugua kwenye miti inachanika vipande vinavyoning'inia na damu, na mara nyingi anavila mwenyewe. Kutoka ncha hadi ncha huweza kufika mita 1.8, uzito zaidi ya kilo 20. Yote hiyo imeota ndani ya miezi mitano hivi, halafu mwisho wa mwaka anaiacha porini.

Mwenye nyongeza aongeze.

Kijiwe cha Kahawa

Nimetandika mkeka hapa. Shusha nondo mkuu.

Mama Tausi

Mada safi sana. Maswali mawili. Ayala unayemtaja ndiye yule wa Zaburi? Na hilo jina la Kimarekani lina maana gani, au ni jina tu?

Mpiga Darubini

Mama Tausi, ndiye, Zaburi ya 42, "kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji". Kusini mwa Sahara hatuna ayala wa asili hata mmoja. Afrika nzima yupo wa kaskazini tu, pande za Algeria na Tunisia. Ndiyo maana wafasiri wengine huandika kulungu au paa, ila hao ni jamii ya swala na pembe zao hazidondoki.

Jina la Kimarekani lina maana, na ni zuri. Ni la wenyeji wa asili wa pwani ya kaskazini mashariki, watu wa lugha za Kialgonkini. Waabenaki wa pande za Maine walisema "mos", Wanarragansett wa Rhode Island "moos". Ukienda ndani zaidi, Waojibwe wanasema "mooz" na Wakrii "moswa". Yaani kutoka Atlantiki mpaka katikati ya Kanada ni jina moja linalobadilika lahaja tu, kama sisi na mbuzi, mbuli, mburi.

Kamusi nyingi zinalihusisha na kitenzi cha Kinarragansett, "moosu", anaambua, anakwangua hadi panakuwa laini. Musi ni yule anayeambua magome. Na anaambua kweli. Kama ng'ombe, hana meno ya mbele ya juu. Wakati wa baridi majani yamekwisha, anakita meno ya chini kwenye gome la mti, anapandisha kichwa, na ukanda mzima unafuata. Shina linabaki na makovu meusi kuanzia usawa wa kifua cha mtu mpaka juu ya kichwa. Aliyeona tembo wa Ruaha walivyoichakaza mibuyu atapata picha, ingawa tembo anachimba mti wenyewe, huyu anachukua ngozi tu.

Waingereza walipofika mwanzoni mwa miaka ya 1600 walilichukua jina kama walivyolisikia. Kapteni John Smith alimtaja mnyama huyu kwenye kitabu chake cha New England cha 1616. Na kwa kuwa ni neno la kuazima, wingi wake haukubadilika: mmoja musi, mia musi. Kwetu hilo si tatizo, simba mmoja na simba kumi, lakini watoto wa Kiingereza linawasumbua.

Jamaa wa Nakuru

Ngoja kwanza. Mimi nimeona vipindi vya wanyama, Muingereza anamwita huyu huyu "elk". Halafu Mmarekani akisema "elk" anaonyesha mnyama mwingine, kama ayala wa kawaida lakini mkubwa. Nani anadanganya?

Mpiga Darubini

Hakuna anayedanganya, wote wana jina moja kwa wanyama wawili. "Elk" ni neno la kale la Ulaya, ndugu wa "älg" ya Kiswidi, "Elch" ya Kijerumani na "alces" ya Kilatini, na kote huko ni musi. Sasa Uingereza musi walitoweka maelfu ya miaka iliyopita. Waingereza walibaki na neno, wanajua ni ayala mkubwa wa ng'ambo, basi. Walipofika Amerika wakamkuta ayala mkubwa mwenye pembe za matawi, wakasema huyu ndiye "elk". Baadaye ndipo wakakutana na mnyama wa kweli mwenye jina hilo, ila jina lilishatumika! Bahati nzuri wenyeji walikuwa na lao, wakalichukua. Yule wa kwanza naye ana jina la wenyeji, "wapiti", lililotoka kwa Washawnee na maana yake ni mwenye matako meupe, ila halikushika sana mitaani.

Wafaransa wa Kanada nao wana la kwao, "orignal". Si Kifaransa. Wavuvi na wawinda nyangumi wa Kibaski, watu wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania, walikuwa wanafika ghuba ya Saint Lawrence tangu miaka ya 1500, na kwao ayala ni "orein", wingi "oreinak". Wafaransa wakaokota hapo.

Kwa hiyo Mholanzi alilipeleka jina la musi Afrika kwa pofu, Muingereza akalipeleka Amerika kwa wapiti, Mfaransa akaazima kwa Mbaski. Ni Muingereza huyohuyo, na tena kwa kulazimika, aliyetumia jina la watu wanaoishi na mnyama.

Msomaji wa Usiku

Niongezee upande wa vitabu vya kale, maana huyu mnyama amezuliwa vituko vingi.

Julius Kaisari, kwenye kitabu chake cha vita vya Gallia, anaeleza wanyama wa msitu wa Hercynia, Ujerumani ya leo. Anasema "alces" hawana viungo miguuni, hawawezi kukunja goti, wakianguka hawainuki. Kwa hiyo wanalala wameegemea miti. Wawindaji wanatafuta mti wa kuegemea, wanaukata karibu uishe, wanauacha umesimama. Mnyama anakuja kulala, mti unaanguka naye, wanamkamata.

Plinio, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvio ulipolipuka, ameandika habari kama hiyohiyo na kuongeza kwamba mnyama huyo ana mdomo wa juu mkubwa kiasi kwamba akila majani anarudi kinyumenyume usimzuie.

Kijiwe cha Kahawa

Hiyo ya Kaisari ni chai ya tangawizi kabisa.

Msomaji wa Usiku

Chai, lakini haikutoka hewani. Mdomo kweli unaning'inia. Miguu kweli ni mirefu na shingo fupi, kiasi kwamba akitaka kula nyasi fupi inabidi apige magoti ya mbele, ndiyo maana anapendelea vichaka na matawi. Mtu akimwona kwa mbali akisimulia, akamsimulia mwingine, akamsimulia Kaisari, ndiyo hayo.

Kuna kisa kingine cha kweli, nakipenda zaidi. Karne ya 18 Mfaransa Buffon, mtaalamu mkubwa wa viumbe wa wakati wake, aliandika kwamba Amerika ni bara la unyevu na baridi, wanyama wake wamedumaa, ni wadogo kuliko wa Ulaya. Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani Paris, hilo lilimkera sana. Akamwandikia Jenerali John Sullivan wa New Hampshire amtafutie musi, ngozi na mifupa, aletwe Ufaransa. Mnyama akawindwa msimu wa baridi, akaburutwa kwenye theluji, akasafirishwa, akafika Paris 1787 akiwa amenyonyoka manyoya. Pembe zilizokuja naye hazikuwa zake! Sullivan mwenyewe aliandika kwamba si za musi huyo, ila zinaweza kupachikwa. Jefferson akampelekea Buffon hivyohivyo na barua ya kuomba radhi kwa udogo wa pembe. Buffon alifariki mwaka uliofuata. Hakuwahi kuchapisha kauli ya kujirudi.

Balozi mzima, nchi yake ina miaka michache tu ya uhuru, na anahangaika na mzoga wa ayala. Mimi namwelewa. Kuambiwa kwenu kila kitu kimedumaa kunauma.

Mtu wa Göteborg

Ndugu zangu, mimi niko Sweden na huku musi si hadithi ya vitabu, ni somo la leseni ya udereva. Tatizo ni miguu. Ukigonga mnyama mfupi, bampa inampiga mwilini anarushwa pembeni. Musi bampa inamkata miguu tu, mwili wa kilo 400 au zaidi unapita juu ya boneti unaingia kwenye kioo cha mbele, mlipokaa. Usiku ni mweusi na macho yake yako juu ya usawa wa taa, kwa hiyo hata ule mng'ao wa macho unaoutegemea huupati. Barabara kuu zimewekewa uzio pande zote kilometa na kilometa.

Ukimgonga, hata akikimbia, sheria inakutaka umpigie polisi na uweke alama pale alipoingilia msituni, kwa mfano utepe kwenye tawi. Polisi wanamwita mwindaji na mbwa wake, anafuata damu akammalizie mateso.

Na wapenzi wa magari mnakumbuka 1997? Gazeti la magari la hapa, Teknikens Värld, lilifanya jaribio la kukwepa musi: unakwenda kasi, unakata ghafla kushoto, unarudi kulia, bila breki. Mercedes A-Class ikiwa mpya kabisa sokoni ikapinduka. Kampuni ikasimamisha uuzaji, ikarekebisha, ikaweka mfumo wa kuzuia gari lisiteleze kwenye kila A-Class. Mifumo hiyo leo iko kwenye magari mengi yanayofika mpaka bandari ya Dar. Jaribio lile watu bado wanaliita kwa jina la mnyama.

Jamaa wa Nakuru

Hapo Mtanzania wa Mikumi ataelewa. Barabara kuu inakatiza mbuga katikati, matuta kila mahali, na ukigonga mnyama unalipa faini kulingana na mnyama.

Mtu wa Göteborg

Tofauti ni kwamba hapa faini unalipa kwa mbavu.

Mfugaji wa Kiteto

Mimi naangalia kwa jicho la mifugo. Kwanza, huyu na pofu nani mzito? Pili, anafugika? Tatu, ana kupe?

Mpiga Darubini

La kwanza: pofu dume aliyekomaa hufika kilo 900, kwa hiyo kwa mizani pofu anashinda. Kwa urefu musi anashinda, begani na ukiongeza pembe.

La pili: Warusi wamejaribu. Karibu na Kostroma kuna shamba la Sumarokovo, tangu 1963, majike wanakamuliwa. Ndama anatolewa kwa mama mapema, na jike anamzoea mkamuaji kama mwanawe. Jike anazurura msituni mwenyewe na kurudi kukamuliwa. Maziwa ni mazito yenye mafuta mengi, lakini ni kidogo mno kulinganisha na ng'ombe. Kama biashara, hapana. Anakula matawi ya aina nyingi, huwezi kumletea pumba. Na joto hawezi: wakati wa kiangazi ikizidi nyuzi 14 hivi tayari mwili wake unaanza kuhangaika. Kiteto atakufa siku ya kwanza.

La tatu ndilo zito. Maine na New Hampshire kupe wa majira ya baridi wanawamaliza. Si kama ndigana, ambayo kupe analeta ugonjwa. Hawa wanaua kwa kunyonya tu. Mnyama mmoja anakutwa na kupe makumi ya maelfu. Kupe hawa wanapanda mwilini msimu wa majani kupukutika, na theluji ikichelewa wanapata wiki za ziada za kusubiri vichakani. Musi hajui kujisafisha kama swala wetu, anajisugua kwenye miti mpaka manyoya yanaisha, anabaki mweupe, watu wa huko wanamwita musi mzimu. Ndama wa mwaka wa kwanza wanakufa Machi na Aprili, damu imekwisha kabla majani mapya hayajatoka.

Na bado kwingine wanafurika. Kisiwa cha Newfoundland hakikuwa na musi hata mmoja. Mwaka 1904 wakaachiwa wanne kutoka New Brunswick, majike mawili na madume mawili. Leo wanakadiriwa kupita 100,000. Chakula kingi, mbwa mwitu wameshaisha kisiwani, basi.

Mfugaji wa Kiteto

Wanne! Na mimi hapa nabembeleza mitamba.

Mama Tausi

Mnisaidie jambo la maana sasa. Mdogo wangu anahamia Alberta kwa kazi. Huyu mnyama ni wa kuogopwa mtu akiwa kwa miguu?

Dereva wa Prairie

Mama Tausi, mimi naendesha lori huku. Mwambie amwogope kuliko anavyomwogopa dubu, kwa sababu huyu atamwona mara nyingi zaidi na atamdhania mpole. Vipindi viwili vibaya: Mei na Juni jike akiwa na ndama, mara nyingi pacha, rangi ya kahawia ya kutu, na Septemba mpaka Oktoba dume akitafuta majike, maana hapo hali vizuri, anachimba shimo kwa kwato, anakojoa humo na kujigaragaza, na kila kitu mbele yake ni mpinzani.

Atazame masikio. Yakilala nyuma na manyoya ya nundu yakisimama, na akawa analamba midomo, muda wa picha umekwisha. Dubu tunaambiwa usimkimbie. Musi mkimbie, tena mara moja, zunguka nyuma ya mti mnene au gari na ubaki hapo. Hana nia ya kukula, anataka uondoke, na mti katikati yenu unamsumbua kwa miguu ile. Ukianguka, jikunje, funika kichwa, usiinuke mpaka aende mbali, kwa sababu anarudi kukanyaga akiona unasogea.

Na asijaribu kumkimbia kwa kuingia mtoni. Musi anaogelea kuliko mtu yeyote, anazama mita kadhaa kung'oa mimea ya chini ya maji, pua inajifunga yenyewe. Mimea hiyo ina chumvi ambayo matawi hayana.

Hiyo chumvi ndiyo inawaleta barabarani pia. Wakati wa baridi tunamwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, inaganda kwenye milango ya magari, nao wanakuja kuilamba. Mwaka 2020 pale Jasper waliweka bango la barabarani kabisa: usiruhusu musi walambe gari lako. Watu wakacheka, wakapiga picha. Lakini mnyama akizoea kwamba gari ni jiwe la chumvi, hasogei tena akisikia honi. Mdogo wako akikuta musi amesimama analamba gari lake, asishuke. Awashe gari, aondoke taratibu.

Mama Tausi

Nimenakili yote, namtumia sasa hivi. Ila hiyo ya kulamba gari hataamini, naomba utupie picha ya bango.